Giaboksi ya Bwana Kosta

Benchi la Kombo muuza kahawa, pale Usagara mjini Tanga, lilitengenezwa kwa taruma la reli ambalo hakuna aliyetaka kueleza lilitoka wapi. Mwaka ule wa hamsini na saba lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijulikana. Upande wa ukutani alikaa mzee Uweso, aliyeitwa Injinia kwa sababu alitia kuni kwenye treni miaka kumi na mmoja, na tangu hapo hakuna mashine aliyokubali kwamba haijui. Katikati alikaa Noa, aliyeitwa Dakta, mfagizi wa hospitali, ambaye alikuwa hajamtibu mtu ila alikuwa amewafagilia madaktari wengi sana. Ncha ya barabarani ilikuwa ya Zebedayo, dereva wa Bwana Kosta, Mgiriki mwenye shamba la mkonge kule Pongwe. Huyu walimwita Hariri kwa ulaini wa uendeshaji wake. Ilisemekana ukipanda naye na yai mkononi, unafika Muheza yai halijajua kama lilisafiri. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa, na hilo hakusingiziwa, alilisema mwenyewe.

Alhamisi moja, watu wametoka kuswali alasiri, Zebedayo alifika kwa baiskeli. Gari la bwana wake lilikuwa juu ya magogo siku ya nane. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, limezeeka, rangi yake ya kijani imeanza kubabuka kwa chumvi, lakini Bwana Kosta alilipenda kuliko nyumba yake. Mwaka juzi mguu wake wa kushoto ulipobanwa na kitoroli cha mkonge, ukawa haukanyagi tena klachi, hakuliuza. Alinunua giaboksi ya otomatiki iliyotolewa kwenye gari la Kimarekani lililopinduka karibu na Horohoro, na Fanueli, fundi wa shamba, akahangaika nayo mwezi mzima mpaka ikakubali kukaa. Ile ya zamani, ya gia za mkono, ikafungwa gunia na kuwekwa stoo. Sasa otomatiki ilikuwa imeungua, na bwana alikuwa amemwuliza dereva wake: turudishe ya zamani, au niagize otomatiki nyingine Nairobi? Alitaka jibu kesho asubuhi.

— Shikamoo, mzee Uweso.

— Marahaba. Kaa, Hariri. Wallahi juu ya baiskeli hupendezi. Unaonekana kama karani wa kanisa.

Kombo alimimina kahawa, akampa kikombe bila kuulizwa. Zebedayo akakizungusha mkononi.

— Nisaidieni. Kesho nimwambie nini yule bwana?

— Gia za mkono, — alisema Injinia papo hapo. — Hilo nalo ni la kuulizwa? Mashine isiyoshikwa na mtu haina adabu. Treni uliona inajiendesha? Mimi ndiye niliyekuwa nikiilisha kuni kwa mkono huu, na ilinijua.

— Treni haina gia, mzee Uweso, — alisema Noa.

— Nani kakwambia?

— Wewe. Juzi.

— Juzi nilisema haina gia za kuonekana. Usinibadilishie maneno mbele ya watu.

Noa alikuwa na lake, na alikuwa amelihifadhi tangu asubuhi.

— Hariri, ile oili ilipomwagwa ilikuwa rangi gani?

— Nyeusi.

— Na ilipotiwa?

— Nyekundu.

— Basi. Hiyo ni homa ya mkojo mweusi. Inaanza nyekundu, inakwisha nyeusi, na mgonjwa wa namna hiyo pale wodini haponi akicheleweshwa. Otomatiki imetoka nchi za baridi, haijawahi kuumwa na mbu wetu. Gia za mkono zimeshazoea.

— Chuma kinaumwa na mbu? — aliuliza Kombo.

— Wewe chemsha kahawa.

Lakini Kombo naye alikuwa na maoni, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeshachemka.

— Mie naona hivi. Kule Amerika wanapita kulia mwa barabara, siyo? Ile giaboksi tangu imezaliwa inajua kulia. Mmeileta huku, kutwa mnaipitisha kushoto. Kila kona inajiuliza niko wapi. Hata mtu angeungua kichwa.

Ilionekana limemwuma Injinia kwamba hakulifikiria yeye.

— Kuna ukweli hapo, — alisema. — Lakini mmeacha kubwa. Ile giaboksi ni ya marehemu. Mwenye gari alifia palepale Horohoro, au hamkusikia? Mmemfungua maiti kitu chake, mmekifunga kwenye gari la mtu mwingine, hapakusomwa hata Fatiha. Kila siku kinataka kurudi kwa mwenyewe. Na Hariri kila siku anakielekeza mjini. Kinavuta huku, yeye anavuta huku. Kisikatike kwa nini?

— Mungu atuepushe, — alisema Noa, na alikuwa amesahau kabisa habari ya mbu.

Siku nyingine Zebedayo angecheka mpaka amwage kahawa. Siku hiyo alitabasamu kwa mdomo tu. Alikuwa amekuja kusikia watu wakisema lolote, hata upuuzi, mradi lisiwe lile alilolijua yeye.

— Na ukweli usemwe, — aliendelea Injinia, akinyoosha mkono mbele ya Noa na kumgusa goti, — gia za mkono zikirudi, yule Mgiriki na mguu wake ule haliendeshi tena. Gari linakuwa lako, yakhe. Klabu wewe, Lushoto wewe, baharini wewe. Yeye atakaa pembeni ashike kofia. Wewe unauliza nini?

— Hilo silo ninaloliwaza.

— Hata kama huliwazi, lipo.

Lilikuwapo. Alikuwa ameliwaza usiku wa Jumanne na usiku wa Jumatano, na kila alipoliwaza alijiona mchafu.

— Kosa ni la Fanueli tu, — alisema Noa. — Fundi mzuri, lakini oili alikosea. Nasikia kapewa mpaka Jumamosi aache nyumba ya shamba. Watoto wanne. Inasikitisha.

— Inasikitisha, — alisema Zebedayo, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Maana mambo yalikuwa hivi. Ukitoka Pongwe barabara inainamia mji. Kila alipotumwa peke yake kuchukua barua na barafu, Zebedayo alipoanza mteremko alizima moto wa injini, akaweka gari fri, gia isishike, akaliacha liserereke kimyakimya mpaka linapochoka lenyewe. Ndivyo walivyofanya madereva waliomfundisha, na kwa gia za mkono haikuwa na neno. Petroli hakuiba hata tone. Alichotaka ni sifa. Bwana Kosta alipenda kuwaambia wageni wake kwamba hakuna dereva Tanga nzima anayetumia petroli kidogo kama Zebedayo, na Zebedayo alikuwa akisimama mlangoni akijifanya hasikii, huku masikio yamesimama.

Jumanne asubuhi fundi wa Kihindi aliyeitwa kutoka mjini aliifungua ile giaboksi, akamwuliza kwa sauti ya chini kama gari liliwahi kuvutwa kwa kamba safari ndefu, injini imezimwa. Alisema otomatiki oili yake inasukumwa na injini. Injini ikilala, oili nayo inalala, na vyuma vinaendelea kuzunguka vikavu. Zebedayo akajibu kwamba halijavutwa. Ilikuwa kweli. Jioni ile ile bwana akaiona ile oili nyeusi, akauliza nani aliyeitia, naye Zebedayo akajibu ni Fanueli. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Hakusema uongo hata mmoja.

— Hodi hapo, — ilisema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Praxeda, mke wa Fanueli. Alivaa kanga mbili zilizofifia na vumbi la barabara lilimfika magotini, maana alitoka Pongwe kwa miguu. Alikuwa ametoka kuulizia lori la kuwachukua na vyombo vyao Jumamosi.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanangu, — alisema Injinia, akivuta miguu. — Poleni na yaliyowafika.

— Tumeshapoa. Shemeji Zebedayo, niliambiwa nitakukuta hapa, kwenye watu wanaojua magari. Nina neno moja, sitawachelewesha.

Zebedayo alisimama, akakaa tena.

— Sema, shemeji.

— Nataka kujua mume wangu alikosea nini.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

— Siulizi ili nimtetee. Bwana keshakata shauri. Lakini Fanueli hali, halali, anahesabu kwa vidole kila alichofanya. Anasema oili ni ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu, debe alilifungua mwenyewe, kitambaa alichochujia nilikifua mimi. Nasi tunakwenda kutafuta kazi kwingine. Kama alikosea, ajue alikosea wapi asije akarudia. Nimewaza nani wa kumwuliza, nikaona ni nyinyi.

Injinia akakohoa. Akamtazama Noa, naye Noa akatazama ndani ya kikombe chake. Habari ya mbu haikusemeka mbele ya mwanamke yule. Ya kulia na kushoto haikusemeka, na ya marehemu ndiyo kabisa. Kombo akajitia kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa.

— Mambo ya mashine, mwanangu, — Injinia alijaribu, — ni mapana.

— Mapana vipi, baba?

Injinia akainua kikombe kitupu akanywa, na kwa mara ya kwanza benchi zima lilimwona.

Zebedayo alimkumbuka Fanueli amelala chini ya gari mwezi mzima, akimwomba ampe spana kubwa, akimwita ndugu yangu. Aliona aibu ya namna ambayo hakupata kuijua, aibu ya kukaa kwenye benchi na mikono safi.

— Hakukosea, — alisema.

— Shemeji?

— Fanueli hakukosea chochote. Ni mimi. Nilikuwa nazima moto mteremkoni, naliacha liende fri. Otomatiki haitaki. Ndicho kilichoiunguza. Oili haina neno.

Kisha Injinia akacheka, taratibu, akitikisa kichwa, akapitisha mkono nyuma ya Noa, akamwekea begani.

— Mnamsikia huyu? Mnaisikia roho yake ilivyo?

— Mzee Uweso, nasema kweli.

— Najua unavyosema. Unamwona mwenzio anafukuzwa, unataka umbebee. Hariri azime moto? Hariri? Madereva wa malori wanaomba wajifunze kwako.

— Wodini nimewaona, — alisema Noa, na macho yake yalikuwa yamelowa. — Mtu anamwambia ndugu yake, nife mimi upone wewe. Ni wachache.

— Kunywa, — alisema Kombo, akammiminia kikombe kilichokuwa cha mwisho kwenye dele, birika lake la kahawa. — Hiki changu. Bure.

Wakamgeukia Praxeda wote watatu, wakamwambia atazame ana shemeji wa namna gani, watu wa hivi wamekwisha duniani, aende akamwambie Fanueli kwamba Tanga kuna anayempenda. Waliyasema kwa moyo mweupe. Zebedayo alikishika kikombe kile, akaona kwamba mlango umefunguliwa. Alikuwa ameungama, hawakuamini, na kosa la kutoaminiwa halikuwa lake. Angeweza kunywa kahawa ile, akarudi nyumbani ni mtu mwema kuliko alivyokuja. Ilimtisha jinsi alivyotamani.

Praxeda hakuwa amewatazama wale wazee hata kidogo. Alimtazama yeye.

— Bwana Kosta umemwambia hivyo?

Zebedayo alitikisa kichwa.

— Ulijua tangu lini, shemeji?

— Jumanne.

— Jumanne asubuhi au jioni? Maana jioni ndipo alipoitwa Fanueli akaambiwa.

— Asubuhi, — alisema Zebedayo, kwa sauti ambayo Kombo aliyekuwa karibu naye hakuisikia vizuri.

Praxeda aliisikia. Hakumtukana. Labda angemtukana ingekuwa nafuu. Alifunga vizuri ncha ya kanga yake, akasogea, akakaa kwenye benchi la Kombo, baina ya Noa na Zebedayo, mahali ambapo tangu benchi lile liwekwe hakuwahi kukaa mwanamke. Noa akasogea bila kuambiwa. Injinia aliutoa mkono wake kwenye bega la Zebedayo, akauweka gotini pake mwenyewe, akautazama.

— Maliza kahawa yako, — alisema Praxeda. — Nakungoja. Tutakwenda wote kwa bwana.

Zebedayo aliinywa mpaka machicha, kwa sababu alikuwa hawezi kuinua macho.