Mzee Buttimer Hataki Karatasi

Kwenye basi la Bandon kwenda Cork, mzee Buttimer alimweleza mama aliyeketi karibu naye kwamba leo anamwapisha mkuu mpya wa Wafrimasoni wenzake, udugu wao wa siri, kwa maneno marefu ya kukariri. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo.

"Si usome kwenye karatasi, mzee wangu?" mama akauliza. "Sisi Wafrimasoni wa Ireland maneno hayo hatuyaandiki, mama. Marehemu baba alinifundisha kwa mdomo, nami nitasema kwa mdomo." "Mdomo upi, huo uliopinda?" "Huuhuu."

Mimi niliyeketi nyuma yao nilikuwa upande wa karatasi, kimoyomoyo.

"Na ukikwama?" "Nitaanza upya." "Ukikwama tena?" "Viti wanavyo. Watasubiri."

Basi liliposimama, aliukataa mkono wa mama, akashuka polepole, midomo ikicheza, akiyarudia maneno yake.