Kikohozi cha Darajani

Isao Kurebane alizaliwa tarehe 3 Februari 1946 hapa Kurezawa, mtaa wa Daraja la Chini, siku ile watu wanaporusha maharage mlangoni na kupiga kelele, "Mashetani nje!" Mama alikuwa akisema kelele zile zilimtisha, ndiyo maana akakua mkimya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Genzo, mchimbaji wa madini ya fedha, na mkewe Tane. Mimi, mdogo wake wa pekee, nilifuata miaka mitatu baadaye.

Alimaliza shule ya kati Machi 1961. Mwezi uliofuata aliingia karakana ya mikeka ya sakafuni, akafanya kazi humo miaka hamsini na miwili. Ukimwambia mkeka umekaa vizuri, alijibu, "Ulitaka ukae wapi?"

Baba alitufundisha sote wawili filimbi ya gari la sherehe la mtaa, lile la mbao linalovutwa kwa kamba. Mimi nilipanda treni mwaka 1968 kwenda kujifunza lugha za watu. Yeye akabaki na wimbo. Kila Oktoba, gari likipanda daraja, filimbi yake ilinyamaza katikati ya wimbo. Wavutaji walisimama, kamba mikononi, wakainamisha vichwa. Mtaalamu mmoja aliyekuja kurekodi aliandika kwamba ni kimya cha kumngoja mungu avuke. Maneno hayo yamechongwa kwenye jiwe, nalo liko pale darajani.

Tarehe 9 Novemba 1973 alimwoa Mitsue, binti wa muuza tofu, vile vipande vyeupe vya soya. Kabla ya hapo alinunua tofu kila asubuhi mwezi mzima bila kusema neno, hadi baba mkwe akamuuliza, "Kijana, kwenu mnaogea tofu?"

Mwaka 2021 madaktari walikuta mapafu yake yamekakamaa. Niliporudi Januari mwaka huu, aliniambia kitandani, kwa pumzi ya vipande vipande:

"Kile kimya ni kikohozi cha baba."

Vumbi la mgodi lilikuwa limemjaa baba kifuani. Akifika pale kwenye wimbo, alikohoa. Wanafunzi wake waliiga kila kitu, pamoja na pengo lile.

"Mbona hukusahihisha, kaka?"

"Ningesahihisha, baba angepumulia wapi?"

Kisha akalia. Oktoba 2019, wavutaji wakiwa wamesimama kwa ajili ya kimya hicho, kamba iliyolowa mvua iliwateleza, gari likarudi nyuma, na Bwana Hamaji, seremala, akavunjika nyonga. Isao alikuwa juu ya gari, filimbi mdomoni.

"Nilijua hakuna mungu pale," aliniambia. "Nikishakufa, waambie. Mimi nimeshindwa."

Alifariki tarehe 12 Machi 2023, saa nne asubuhi, Mitsue akiwa amemshika mkono.

Mitsue aliniomba nisiyaandike haya. "Shemeji, wewe utapanda ndege. Mimi nabaki na majirani." Nilimwelewa. Lakini marehemu alinituma, kwa hiyo juzi nilikwenda kwanza kwa Bwana Hamaji. Alisikiliza hadi mwisho, fimbo magotini.

"Yaani nachechemea hivi kwa sababu Mzee Genzo alikohoa?"

"Ndiyo."

"Haya, andika," akasema. "Ila andika na hili: mimi niliinama kwa moyo wangu wote." Nilipokuwa navaa viatu akaniita tena. "Sasa Oktoba, tusimame au tupite?"

Isao hakuniachia jibu la hilo. Nimelileta swali la Bwana Hamaji kwenu, kabla hatujampeleka kaka kuchomwa.

Ameacha mke, Mitsue, binti, Kanako, mjukuu mmoja, mdogo wake mmoja, na wapiga filimbi saba, ambao wote wanakata pumzi palepale.

Apumzike Isao. Avute pumzi yake yote, bila kumsimamisha mtu.