Udi wa Jumatano: Bi Mahbuba na Panya wa Chumba Namba Mbili

Bi Mahbuba binti Saeed anastaafu Jumatano hii, tarehe 25 Juni 2008, baada ya kuitumikia maabara yetu miaka kumi na minane kasoro miezi mitatu. Miezi hiyo mitatu Idara ya Utumishi imekataa katakata kumsamehe. Cheti chake kimeshachapwa na kimeandikwa "Mhudumu wa Usafi". Ni kweli alisafisha, kama ilivyo kweli kwamba mpishi huosha masufuria.

Alianza Septemba 1990, mjane wa miaka arubaini na mbili, na watoto wawili, Hatem na Shahad, na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kazaliwa Unguja, ambako mama yake alimaliza umri akiwafukuza panya stoo kwa fagio. Binti akavuka bahari, akafika Maskati, akaajiriwa kuwawashia panya kiyoyozi, kuwabadilishia maji na kuwapimia chakula kwa gramu. Jamaa zake wa Sib walimcheka mpaka harusini. Aliwajibu kuwa panya wake angalau hawasengenyi. Panya wenyewe tuliwapa namba. Yeye aliwapa majina ya mawifi zake.

Kwa mgeni atakayesoma, tueleze kidogo kazi ya chumba namba mbili. Ndani ya ubongo wa panya zimo seli zinazojua mahali. Panya akifika pembeni mwa sanduku lake, seli moja hulia. Akisogea katikati, ile hunyamaza na nyingine ikapokea. Zote kwa pamoja ni ramani ya pale alipo. Dk. Ghaith, mkuu wetu, alizisikiliza kwa waya mwembamba kuliko unywele, uliounganishwa na mashine na spika. Sisi tulikodolea macho skrini. Bi Mahbuba, akipiga deki ukumbini, aliisikia tu ile ta-ta-ta akatuambia panya yuko pembe gani. Mwanzo tulicheka. Baadaye tukawa tunamuuliza.

Daktari mwenyewe, bingwa wa mahali, alialikwa nyumbani kwa Bi Mahbuba, Ghubra, Idi ya mwaka 1994, akazunguka saa nzima. Siku zile nyumba zilielekezwa kwa alama: pita mzunguko, acha duka la mkate, tafuta mlango wa buluu. Mlango ulikuwa umeshapakwa kijani kwa ajili ya Idi. Daktari akarudi kwake Bawshar na njaa yake. Alijitetea kuwa hata panya angepotea, na kwa elimu yake alikuwa na haki.

Mwaka 1997 mashine ikaharibika, au ndivyo tulivyoamini. Kila Jumamosi tukirudi kazini baada ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, panya yule yule, katika sanduku lile lile, seli zake zilichora ramani nyingine kabisa. Ikifika Jumanne, ramani ya zamani inarudi kama haikutokea kitu. Daktari alibadilisha nyaya, kisha kompyuta. Waliotuuzia mashine wakaleta fundi kutoka nje, akakaa siku tisa, akalalamikia joto, akaondoka. Panya Nasriya alishutumiwa uzembe. Ilipotimia miezi saba, Daktari akaandika barua ya kuirejesha mashine na kukifunga chumba namba mbili.

Barua ile ilisomwa mezani mbele ya watu wenye shahada nane baina yao. Bi Mahbuba alikuwa akimimina kahawa. Miezi yote saba hakuna aliyemuuliza neno. Aliliweka buli chini.

"Daktari, usirejeshe mashine ya watu. Huo udi wangu. Tangu mwaka huu uanze, kila Jumatano nikishapiga deki nnafukiza mle ndani, maana siwezi mie kukiacha chumba siku mbili kinanuka panya."

Kila mwenye nyumba hapa anajua kuwa chumba hakijawa safi mpaka kifukizwe. Tuliingia mle kila Jumamosi, harufu imejaa, na hakuna hata mmoja aliyeiona kuwa ni kitu. Sote tulitoka majumbani mwetu tunanukia vivyo hivyo. Panya ndiye aliyenusa, akaona hii ni nyumba nyingine.

Msomaji aelewe alichokiweka rehani mama huyu. Angenyamaza, asingepoteza chochote: alishaahidiwa nafasi maktaba. Aliposema, akawa mtu aliyeharibu kazi ya miezi saba, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule ule. Dk. Ghaith aliikunja barua yake, akauliza tu, "Udi gani?"

Kwa wiki kumi tulijaribu: Jumatano hii anafukiza, Jumatano ijayo hafukizi. Ramani zikamfuata yeye, zikija na kwenda kwa amri ya chetezo. Tangu hapo udi wa Jumatano ukaingizwa katika kanuni za chumba, na mkataba wa Bi Mahbuba ukawa wa kudumu. Ripoti ilichapishwa mwaka uliofuata na ikasifiwa hata na waliomleta yule fundi. Ndani yake udi umeelezwa kwa mistari minne: gaharu, sukari, mawardi, uzito wake. Chetezo kimepimwa urefu. Kiyoyozi kimetajwa. Aliyefukiza hakutajwa popote.

Mistari ile minne iliandikwa na msaidizi wa utafiti aliyekuwa na haraka ya kwenda likizo Salala. Msaidizi huyo ni mimi, Aliya, ninayeandika wasifu huu. Bi Mahbuba hakuwahi kunilaumu. Hata nguo zangu za harusi alinifukizia kwa udi ule ule. Naona haya, na haya hizo nimezibeba miaka kumi. Basi na iandikwe hapa, Idara ya Utumishi nayo isome: aliyegundua kilichozibadilisha ramani za chumba namba mbili ni Mahbuba binti Saeed.

Bi Mahbuba, ahsante kwa kahawa, kwa deki, na kwa neno moja ulilolisema wakati sote tulipokuwa tumeshika kalamu. Mungu akupe afya na wajukuu wenye adabu ya panya wako. Mlango wako usiupake rangi tena kabla hatujaja kukuamkia.

Leo atafukiza mara ya mwisho. Jumatano ijayo chetezo kitakuwa kwake Ghubra. Jumamosi ya tarehe 5 Julai tutawatia panya katika sanduku lile lile, bila harufu ya udi, na seli zao zitatuambia kuwa hapa si pale. Safari hii hatutaita fundi. Watakuwa wamesema kweli.