Mzee Phineas Kimutai na Dishi Lililotazama Mbinguni

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2008, saa tisa alasiri, Mzee Phineas Kimutai, fundi mkuu wa makao yetu ya wazee hapa Springfield, Marekani, atarudisha funguo zake sitini na tatu na kustaafu rasmi. Atakuwa ametumika miaka ishirini na minne na siku kumi na sita. Mimi nimepewa kurasa mbili za jarida nimuage, yaani miaka kumi na miwili kwa ukurasa, na nikaambiwa niache nafasi ya picha. Haya, tuanze.

Mzee alikuja na cheti cha ufundi wa mabomba kutoka Eldoret, akaanza kazi Jumatatu tarehe 13 Agosti 1984 akifagia chumba cha boila. Siku hizo tulikuwa na vyumba arobaini na lifti moja iliyokwama kila Alhamisi. Leo vyumba ni sabini na vinne, lifti ni mbili, na zinakwama tu Mzee akienda likizo.

Siku ile ile ya kwanza, meneja wa wakati huo aliposikia kwamba mgeni ametoka Kenya, alimuuliza anakimbia mbio gani. Mzee akamjibu kwa upole kwamba kwao wanaokimbia ni wale waliochelewa kuamka, na yeye alikuwa akiamka mapema. Tangu hapo tumefanya mazoezi ya moto tisini na sita, manne kila mwaka, na katika yote hayo Mzee hakuongeza mwendo hata mara moja. "Moto ukiwa wa kweli mtaniona," alikuwa akisema. Moto wa kweli ulikuja mwaka 1997, jikoni, kwenye kikaango cha mayai. Sisi tulikimbia nje. Yeye alitembea hadi jikoni, akauzima, kisha akala mayai.

Yapo pia mambo ambayo hayachekeshi. Januari 1996, theluji ilipofunga barabara zote, Mzee alikuja kazini kwa miguu, mwendo wa saa tatu na dakika kumi, akakaa nasi siku sita. Septemba 2003 kimbunga kilipokata umeme, alilala kwenye kiti kando ya jenereta kwa saa tisini. Wazee wanane walikuwa wakipumua kwa msaada wa mashine. Umeme uliporudi, walikuwa wanane.

Sasa tufike kwenye gari-nyumba, maana najua ndilo mnalolingojea.

Gari-nyumba ni lile gari refu lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo Wamarekani huenda nalo kulala porini kwa hiari yao. Mzee alikuwa akilizungumzia kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka jana alinunua moja la mwaka 1989 kwa mtu mmoja wa Sterling. Kutoka Sterling hadi hapa ni maili ishirini na tano. Alipofika kwenye makutano ya barabara ya Springfield alishika njia isiyo yake, akaelekea Richmond, mji ulio kusini kwetu, na tulimtia machoni baada ya saa nne, akitabasamu, akisema alikuwa anapima breki.

Mpango wake ulikuwa safari ya miezi minne kuanzia Septemba, yeye na mkewe Jelagat, kutoka Maine hadi Texas. Gari lilikuwepo, ramani zilikuwepo. Kilichokosekana ni ridhaa ya Mama Jelagat.

Wengi wenu mnajua kwamba Mama Jelagat huhudumia wagonjwa majumbani. Mwaka 1989 alimtunza bibi mmoja wa Alexandria aliyekuwa akitazama tamthilia ya saa saba mchana, siku tano kwa wiki, na wakaitazama pamoja. Bibi huyo alifariki mwaka 1996, siku mbili kabla ya harusi ambayo tamthilia hiyo ilikuwa ikiiandaa kwa miezi minane. Mama Jelagat alisikitika sana. Akaamua kuendelea kuitazama, kwa niaba ya marehemu. Ni miaka kumi na tisa sasa, yaani takriban sehemu elfu nne mia tisa na arobaini. Na mwaka huu, tangu Februari, daktari mmoja wa humo amelala hospitalini bila fahamu, na anaweza kuamka siku yoyote.

"Phineas," Mama alisema mbele ya mashahidi, nikiwemo mimi, "porini nitakwenda. Dubu nitawavumilia. Lakini yule daktari haamki bila mimi. Hakuna televisheni, hakuna safari. Nenda peke yako, unitumie kadi."

Kwa hiyo mwezi wa Machi kamati ya kumuaga iliamua zawadi yetu iwe televisheni ya setilaiti ya kubebeka. Mwenyekiti alikuwa Dada Honorata, muuguzi mkuu, mzaliwa wa Bukoba. Katibu alikuwa Ayanna wa burudani, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, na ambaye husema "tafadhali" hata kwa lifti. Mjumbe wa tatu, mimi wa stoo.

Niliandika ukurasa mmoja. Nilieleza kwamba ziko aina tatu. Kuna dishi lililofunikwa kwa kuba, linakaa juu ya paa la gari na kutafuta setilaiti lenyewe. Kuna la paa linaloinuliwa kwa mpini kutoka ndani, ambalo mwenye gari husahau kulishusha, akaondoka, na likabaki kwenye tawi la kwanza. Na kuna dogo la miguu mitatu, linalosimamishwa chini kwa waya mrefu. Nikahesabu uzito, dakika za kufunga, na jambo moja kubwa: dishi la paa hukaa pale gari lilipo, na watu huegesha gari kivulini. Setilaiti haioni kupitia miti. Ukiwa na la miguu mitatu, unaacha gari kivulini, unalibeba dishi hadi penye uwazi. Ukurasa huo ulisomwa na mtu mmoja, ambaye ndiye aliyeuandika. Nakala ya mwenyekiti niliiona chini ya chupa ya chai.

"Jamani, huyu ni Mzee," Dada Honorata alisema. "Tumpe kitu chenye heshima. Hicho cha miguu mitatu si kigoda?" Tulikaa vikao sita juu ya kigoda.

Wakati sisi tunakaa vikao, Mzee alijitafutia. Mwezi wa Mei alikuja na dishi kubwa aliloliokota Sterling, kando ya barabara, likingoja gari la taka. Alilisimika nyuma ya jengo, baina ya gari-nyumba na bustani ya wazee, akaunganisha waya na king'amuzi chake cha nyumbani. Kisha akalilaza chali.

Msimcheke bado. Mwaka 2003 alikwenda nyumbani Kapsabet, na nduguye alikuwa na dishi juu ya paa. Liliangalia juu moja kwa moja, kama sufuria inayongoja maziwa, na picha ilikuwa safi. Mzee aliliona kwa macho yake. Nilipomwambia kwamba madishi ya mtaani kwetu hapa yote yamesimama kama masinia yaliyoegemezwa ukutani, alinitazama kwa huruma. "Aketch, setilaiti iko wapi? Juu. Sasa dishi litazame wapi, Richmond?"

Kila siku wakati wa chakula aliingia garini, akawasha televisheni, na televisheni ikamwambia kwamba inatafuta mawimbi. Dada Honorata alipita akauliza, "Mzee, ungo huu unaanika dagaa?" Mzee alibadilisha waya mara nne. Alibadilisha televisheni. Dishi hakuligusa, kwa sababu dishi lilikuwa sahihi.

Kisha mvua ikanyesha. Dishi likajaa maji, na ndege wakaja. Walikuja wale wadogo wa kifua chekundu, wakaja wa buluu wenye kelele, wakaoga, wakagombana, wakaita jamaa zao. Wazee wakaanza kusogeza viti vyao vya magurudumu. Ayanna, asiyepoteza nafasi, akaandika kwenye ratiba: Saa nne asubuhi, kutazama ndege wa Mzee Phineas. Wastani wa mahudhurio ulikuwa kumi na saba. Bingo haijawahi kupita kumi na moja.

Hapo kwenye mstari wa mbele, kila asubuhi kwa wiki tano, alikuwa akikaa Bwana Ethan wa chumba namba kumi na nne, umri miaka themanini na minane. Bwana Ethan alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kituo cha utafiti wa anga kule Greenbelt. Kazi yake ilikuwa kukokotoa njia za setilaiti.

Mtauliza mbona hakusema kitu. Hakuna aliyemuuliza. Na yeye aliamini kabisa kwamba lile ni bakuli la kuogea ndege, na alikwisha kumwandikia meneja barua ya kulisifu.

Mwishoni mwa Juni Mzee alitoka garini akilaani kwa Kinandi, na Bwana Ethan akamuuliza ametafuta nini humo wiki zote tano. Mzee akasema, setilaiti. Bwana Ethan akatazama dishi, akatazama ndege, akacheka mpaka Dada Honorata akaja mbio na mtungi wa oksijeni.

Alipopata pumzi, alieleza. Setilaiti za televisheni zimetulia juu ya ikweta. Kapsabet iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ya kwao huwa utosini. Sisi hapa tuko digrii thelathini na tisa kaskazini. Dishi lazima ligeuke nyuma, liitazame ikweta kwa mbali, kusini-magharibi, digrii thelathini na nane tu kutoka ardhini. Kwa maneno mengine, litazame Richmond, kisha kulia kidogo. Nilipima: digrii ishirini na sita.

Mzee alilitazama dishi lake. Kisha akasema, "Kumbe nimetoka mbali hivi."

Jaribio la mwisho lilifanyika Ijumaa tarehe 18 Julai, kwenye uwanja wa kupiga kambi wa Greenbelt, wenye miti mingi kuliko watu. Mama Jelagat alikuja kwa sharti: picha saa saba kamili, au jina lake lifutwe safarini. Alikaa ndani ya gari, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama abiria anayengoja kuteremka. Dada Honorata alikuwa ameazima kuba la heshima kwa muumini mwenzake wa kanisa. Likafungwa juu ya paa, chini ya mwaloni. Lilizunguka, likanguruma, likatafuta kwa dakika kumi na nne, likakata tamaa. Mama akafunga zipu ya mkoba.

Saa saba kasoro dakika tano nilitoa lile la miguu mitatu, nililokuja nalo. Uwazi ulikuwa mmoja tu, karibu na vyoo, hatua arobaini na saba kutoka garini. Nikafungua mdomo kumpa Mzee maelekezo. Sikumaliza.

Mzee Phineas Kimutai alikimbia. Mashahidi ni watatu. Alikimbia na dishi kwapani, waya ukifumuka nyuma yake kama mkia, magoti juu, kofia ikabaki hewani. Hatua arobaini na saba kwa sekunde kumi na mbili, umri miaka sitini na mitano. Meneja wa mwaka 1984 angelia. Alilisimamisha, akalielekeza Richmond, kulia kidogo, nami nikapiga kelele kutoka mlangoni: bado, bado, rudisha, hapo hapo, usipumue!

Saa saba na dakika mbili picha ilitokea. Daktari alikuwa bado amelala. Mama Jelagat alimtazama kwa makini, akaweka mkoba chini, akavua viatu. "Phineas," aliita dirishani, "kuna chai?"

Kwa hiyo safari ipo. Kamati imepitisha la miguu mitatu kwa kura tatu bila kupingwa, kwenye kikao cha saba, na mwenyekiti ameeleza kwamba hilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Iandikwe hivyo, mradi waende.

Lile dishi kubwa Mzee alitaka kulirudisha kwenye taka. Wazee thelathini na mmoja wakatia sahihi kupinga, Bwana Ethan akiwa wa kwanza. Litabaki bustanini, chali, kama lilivyosimikwa, na atakayechukua nafasi ya Mzee amepewa kazi moja ya ziada: kuongeza maji saa tatu na nusu asubuhi.

Mzee, asante kwa joto la miaka ishirini na minne, kwa mashine nane zisizozimika, na kwa kutembea wakati sisi sote tulikimbia. Futi yangu ya kupimia uliyoiazima mwaka 1991 nimekuachia. Wewe na Mama tunawaombea barabara pana, kivuli kwa gari na uwazi kwa dishi. Daktari naye aamke taratibu, nanyi mkiwa mmekaa.

Ndani ya sanduku la zawadi nimebandika kadi yenye vipimo vya kuinua dishi, kwa mahali ishirini na pawili. Maine, digrii ishirini na tisa. Hapa kwetu, thelathini na nane. Florida ya kati, hamsini. Texas, hamsini na nne. Mstari wa mwisho nimeuandika kwa wino mwekundu, kwa siku mtakapokwenda nyumbani: Kapsabet, tisini. Lilaze chali, Mzee. Huko ulikuwa sahihi.

Aketch, Stoo na Ununuzi