Goti la Mrembo wa Ruvuma

Benigna alikuwa kwenye kiti cha nyuma ndani ya basi dogo la Peramiho, abiria wawili wa mbele yake walipoanza kumjadili bintiye, mrembo wa Ruvuma aliyeshindwa mashindano ya taifa. Hawakujua mama mtu yupo.

"Katuaibisha, baba," alisema msichana mwenye nywele za dawa. "Jaji kampa maiki, yeye kapiga goti nchi nzima ikimtazama! Wasimkate maksi?"

"Jaji mwenyewe mzee," alifoka mwenzake, mzee muuza tumbaku. "Alitaka asalimiwe wima? Wamemwonea!"

Walivutana mpaka stendi ya Songea. Msichana alitangulia kushuka, Benigna akamwomba ampokee kikapu. "Shikamoo, mama," alisema yule, akakipokea kwa mikono miwili, goti likigusa vumbi.

Benigna aliitikia marahaba, na hakumkata hata maksi moja.