Historia ya Fundi Baridi, Aliyevuka Bahari Peke Yake kwa Ajili ya Ndege

Ndugu, jamaa na majirani, mjomba wa marehemu ndiye aliyepewa kazi ya kusoma, na anaomba mumvumilie sauti yake, kwani leo haimtii.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1979 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pekee wa mama yake, ambaye alifiwa na mumewe mapema, akamlea kwa cherehani, na hakuacha kumwona mtoto mdogo hata mwanawe alipoota mvi. Alianza shule ya msingi mwaka 1987, ambako walimu walimlalamikia kwa kufungua kila chenye skrubu, kengele ya shule ikiwemo, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu tarehe 24 Novemba 2000 kama fundi wa majokofu.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa katika ghala la kugandishia samaki bandarini, na kwa kuwa alikuwa akitoka katika vyumba vya baridi vya ghala hilo ndevu zimeota barafu, jina likamganda. Alifunga ndoa tarehe 16 Septemba 2006 na mkewe, muuguzi, aliyekubali posa kwa sharti kwamba asimguse kwa mikono ile kabla ya kuiosha kwa maji ya moto, na tarehe 3 Mei 2008 wakajaliwa binti yao, mboni ya jicho lake.

Mnamo Agosti 2015, alipokuwa akitengeneza feni ya chumba cha tatu, aliona katikati ya samaki ndege mkubwa wa bahari ya mbali, ameganda, ndoana kooni, akaelezwa kwamba ndege hao hufuata chambo cha ndoana nyuma ya meli za uvuvi wakazama nacho, na kwamba wanakwisha. Wenzake walikuwa wameshazoea, yeye alirudi nyumbani chakula kikamshinda. Alipojua kuwa riboni za rangi zikining'inizwa nyuma ya meli huwafukuza ndege, aliwaandikia wenye meli, wakamnyamazia, ndipo akajifunza kusafiri kwa tanga kwa nahodha mstaafu, akakarabati mashua kuukuu, akaamua kuwafuata peke yake bandarini kwao, ng'ambo ya bahari, maana alisema barua hutupwa, lakini mtu aliyevuka bahari peke yake hakosi kukaribishwa chai. Mama yake alinuna wiki nzima, kisha akamshonea riboni.

Safari ya kwanza, mwaka 2018, alirudi salama, na manahodha wengi wakamkubalia. Ya pili aliianza tarehe 6 Januari 2023.

Marehemu hakuugua, hakulazwa, na hakuna aliyemfumba macho. Tarehe 14 Machi alizungumza na mkewe kwa simu ya setilaiti, akalalamika kwamba majani ya chai yamebaki kiduchu, akamsalimia binti, akaahidi kupiga tena, hakupiga. Tarehe 2 Aprili meli ya mizigo iliikuta mashua, tanga likiwa juu, ndani hamna mtu.

Mama yake alikataa katakata, na aliyekuja na pole alirudi nayo. Ukoo ulipokaa kikao cha tarehe ya kifo, mke akishika siku ya simu, mjomba huyu akishika siku ya mashua, mama aliwaambia kwamba wanamgawana mwanawe angali hai, akaingia ndani akajifungia. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulia katika nyumba ile, hata binti alikwenda kulilia shuleni, na hilo lilituuma kuliko yote.

Familia inawashukuru mabaharia wa meli ile, madaktari waliomhudumia mama presha ilipompanda, majirani waliovumilia mlango uliofungwa, wafanyakazi wa ghala walioleta koti lake la kazi, ambalo ndilo limo katika sanduku hili, na manahodha ambao meli zao zinaning'iniza riboni mpaka sasa.

Kuhusu tarehe ya kifo, mjomba alikusudia kuiruka, lakini asubuhi hii mama alimwita mjukuu wake jikoni, akamkumbatia, akamwambia alie kwa sauti, wakalia wote wawili, kisha akamtuma kwa mjomba, kwamba asisome siku ya simu wala ya mashua, kwa sababu siku hizo yeye alikuwa bado anamsubiri.

Kwa hiyo, kwa agizo la mama mzazi, Fundi Baridi amefariki leo, Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Pumzika kwa amani, mwanetu.