Fabiano Acidri na Chupa Isiyoonekana

Familia imeomba wasifu huu usomwe kabla maji hayajagawiwa. Kuna chupa moja ya marehemu haijaonekana, na kilichomo ndani si maji.

Fabiano Acidri alizaliwa tarehe 3 Machi 1979 hapa Logiri, mtoto wa tatu wa hayati Yakani na Mama Driwaru. Alianza shule ya msingi ya hapa kijijini mwaka 1986, akaenda sekondari mjini Arua, akaishia kidato cha pili mwaka 1995, tumbaku ya baba yake ilipoozea shambani na karo ikakosekana.

Mwaka 1997 alikwenda Koboko kwa fundi Swaka, mtu wa Sudan Kusini, aliyetengeneza bampa za malori yaliyorudi kutoka Juba yamevunjika nyuso. Huko alijifunza faiba: kupaka kalibu nta, kulaza kitambaa cha nyuzi za kioo, kukilowesha gundi kwa brashi, na kutia gundi dawa ya kuigandisha, matone kwa hesabu. Dawa hiyo huwezi kuitofautisha na maji kwa macho, na iliuzwa kwa kupimwa katika chupa za maji ya kunywa. Swaka alimwambia siku ya kwanza, "Kijana, hii ukikunywa, koo inaungua. Ukizidisha kwa gundi, nyumba inaungua." Fabiano aliogopa siku ile na hakuacha kuogopa. Ndiyo maana amezikwa na vidole vyake kumi.

Alimwoa Kevina wa Aroi tarehe 26 Aprili 2008. Mwaka 2011 walihamia Awindiri, mjini Arua, akafungua kazi uani kwake. Mteja aliyebishana bei aliwekewa bampa chini. "Piga teke kwanza. Ikipasuka, beba bure. Isipopasuka, funga mdomo, lipa." Waliolipa huku wanachechemea wapo hapa leo, wanajijua.

Kila alipochanganya dawa aliwatoa watu wote uani. Tarehe 14 Agosti 2019 aliyekuwa mkekani ni mama mkwe wake, Santa. Kwetu mkwe haondolewi mkekani. Fabiano alisimama na kopo mkononi, kisha akasema, "Mama, samahani, toka inje kwanza."

"Mimi? Iko mutu gani anafukuza mkwe wake?"

Alitoka na kuku wake kwapani, akaanza kumshtaki kwa wapita njia. Hajamaliza, kopo lilichemka, likatoa moshi, Fabiano akalitupa, likashika moto. Mkeka ukaungua wote. Santa aliutazama, akasema, "Fabiano, siku ingine nifukuze mapema."

Tangu siku ile hofu yake iliongezeka. Chupa zake mbili za dawa alizifunga uzi mwekundu shingoni, akazificha, na kila mara akazihamisha ili watoto wasizifikie. Hakumwambia mtu. Aliamini siri ndiyo kufuli.

Moto alijihadhari nao, vumbi la faiba halikumwacha. Mwaka 2023 alianza kukohoa. Alipiga msasa akiwa na kitambaa chenye maji puani, na hospitali aliikwepa kwa kuogopa atakachoambiwa. Alipokwenda, aliambiwa mapafu yameota makovu. Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 asubuhi alimshika Kevina mkono. "Chupa moja iko nyuma ya pipa. Ingine nilitoa hapo, watoto walikuwa wanaona. Nimeweka..." Kikohozi kikamkata. Saa tano alifariki.

Ya kwanza tuliikuta nyuma ya pipa, uzi wake umeshakatika, kwa hiyo uzi si alama ya kutegemea. Ya pili tumeitafuta siku tatu. Jana lori la kuja hapa lilipakiwa Awindiri kwa haraka: viti, masufuria, mablanketi, na chupa za maji kutoka kila chumba. Hakuna aliyezikagua moja moja.

Ameacha mama yake Driwaru, mjane Kevina, watoto Nora, Anguzu na Linda, na mkwe wake Santa, ambaye tangu alfajiri amekalia mlango wa stoo na haruhusu chupa yoyote kutoka.

Maji ya leo ni ya mtungi tu. Mwenye chupa mkononi aiweke chini sasa hivi, asiifungue, asiinuse, amwite Kevina. Wazazi, angalieni mikono ya watoto wenu.

Mungu ampumzishe Fabiano. Sisi tutapumzika chupa ikipatikana.